Curaçao yakaza kamba, kamari ya mtandaoni yatafuta kisiwa kingine

KWA takriban miongo mitatu, kisiwa cha Curaçao, kilicho katika Bahari ya Karibea karibu na pwani ya Venezuela, kilikuwa kimbilio la kampuni za kamari ya mtandaoni kutoka pembe zote za dunia. Kampuni ambayo haikutaka kuandamwa na masharti magumu ya Uingereza au Malta ilijua pa kubisha hodi.

Enzi hiyo ilifikia kikomo mnamo Desemba 24, 2024, sheria mpya ya kamari ya kisiwa hicho ilipoanza kutekelezwa, wiki moja tu baada ya kupitishwa na Bunge.

Wengi waliipokea sheria hiyo kama ushindi kwa wacheza kamari ambao kwa miaka mingi walikuwa wakidai fedha zao bila ya kujua wa kumlilia. Hata hivyo, yaliyofuata yanaonyesha kwamba mlango mmoja unapofungwa, wenye biashara hii hawakosi mlango mwingine wa kuingilia. Na safari hii mlango huo hauko mbali na pwani ya Afrika Mashariki.

Ili kuelewa kilichobadilika, ni muhimu kuangalia jinsi mambo yalivyokuwa awali. Mnamo 1993, Curaçao ikiwa bado sehemu ya Antili za Uholanzi, ilitungwa sheria ya kuruhusu kamari inayochezwa na watu walio nje ya visiwa hivyo. Intaneti ilikuwa bado changa, na watunzi wa sheria hiyo hawangeweza kukisia itakavyokuja kutumika.

Chini ya mfumo huo, kampuni nne pekee zilikuwa na leseni kuu kutoka kwa serikali. Kampuni hizo nazo ziligeuka kuwa mithili ya mpangaji mkuu anayekodisha vyumba kwa wapangaji wadogo. Kila moja iliuza leseni ndogo kwa tovuti chungu nzima, kwa bei nafuu na bila maswali mengi.

Matokeo yake yalikuwa kwamba serikali haikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na tovuti zilizotumia jina la kisiwa chake. Mcheza kamari aliyenyimwa ushindi wake alielekezwa kwa mwenye leseni kuu, ambaye naye alikuwa akilipwa na tovuti ile ile iliyokuwa ikilalamikiwa. Ilikuwa kesi ya ngedere kupelekewa nyani.

Mabadiliko hayakutokana na hisani. Curaçao ilipata mamlaka ya kujitawala ndani ya Ufalme wa Uholanzi mnamo Oktoba 10, 2010, lakini uchumi wake ulibaki dhaifu. Kampuni ya mafuta ya serikali ya Venezuela, PDVSA, iliyokuwa ikiendesha kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kisiwani humo, iliondoka mwaka 2019. Mwaka uliofuata, janga la corona likafukuza watalii.

Serikali ya Willemstad ikalazimika kuomba mkopo Uholanzi. Uholanzi ilikubali, lakini ikaweka masharti. Mojawapo lilikuwa kwamba sekta ya kamari isafishwe na iwekwe chini ya msimamizi huru. Mwenye kukopa hachagui masharti, na ndivyo mageuzi yalivyoanza.

Sheria ya 2024 ilifutilia mbali utaratibu wa leseni kuu na leseni ndogo. Sasa kila kampuni hulazimika kuomba leseni yake yenyewe kwa Mamlaka ya Kamari ya Curaçao, na wamiliki wake halisi huchunguzwa pamoja na chimbuko la fedha zao. Ada ya mwaka kwa kampuni inayowahudumia wachezaji moja kwa moja ni takriban euro 47,000.

Aidha, kampuni hutakiwa kuwa na mizizi halisi kisiwani, ikiwemo kuajiri watu huko hatua kwa hatua, badala ya kuwa na sanduku la posta tu. Zaidi ya hayo, ni lazima iwe na mkataba na msuluhishi wa nje aliyeidhinishwa, ambaye mchezaji anaweza kumpelekea lalama zake bila malipo.

Kwa muda, kisiwa hicho kilionekana kumaanisha kilichosema. Mnamo Novemba 2024, hata kabla ya sheria mpya kupitishwa, mahakama ya Curaçao ilizitangaza kuwa zimefilisika kampuni zilizokuwa nyuma ya tovuti ya BC.Game, kufuatia kesi iliyowasilishwa kwa niaba ya wachezaji waliodai hawakulipwa. Wapenzi wa soka wanalijua jina hilo kwa kuwa lilikuwa kwenye jezi za klabu ya Leicester City ya Uingereza.

Wamiliki wa tovuti hiyo waliyakana madai hayo. Lakini mwezi uliofuata walitangaza kwamba wanaachana na Curaçao, na tovuti ikaendelea kufanya kazi kwa leseni ya Anjouan.

Anjouan ni kisiwa ambacho wakazi wa pwani ya Kenya hukiita Nzwani, mojawapo ya visiwa vya Komoro. Lugha yake ni ndugu wa Kiswahili, na si familia chache za Mombasa, Lamu na Unguja zilizo na asili yao katika visiwa hivyo. Wengi wa jamaa hao wangeshangaa kusikia kwamba jina la kisiwa cha babu zao sasa limebandikwa chini ya tovuti nyingi za kamari, hasa zile zinazotumia sarafu za kidijitali.

Sababu ni wazi. Leseni ya Nzwani hugharimu chini ya nusu ya ile ya Curaçao, hutolewa upesi, na masharti yake ni mepesi. Maji hufuata mkondo.

Lakini je, nani hasa anayeisimamia? Sheria inayotajwa kuwa msingi wa leseni hizo ni ya mwaka 2005, wakati Nzwani ilikuwa na mamlaka makubwa ya ndani chini ya Kanali Mohamed Bacar. Kiongozi huyo aling'olewa Machi 2008 na wanajeshi wa Komoro wakisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Afrika, kilichojumuisha askari wa Tanzania. Miaka kumi baadaye, kura ya maoni ya 2018 ilipunguza zaidi uwezo wa visiwa kujiamulia mambo.

Kwa upande wa benki, jibu la serikali kuu limekuwa bayana. Benki Kuu ya Komoro imeonya kwamba ni yenyewe tu inayoweza kutoa leseni za benki, na kwamba zile zinazodaiwa kutolewa na mamlaka za Nzwani na Mwali hazitambuliwi. Ikiwa karatasi ya benki kutoka kisiwa hicho hukataliwa mjini Moroni, mcheza kamari ana haki ya kuuliza karatasi ya kamari ina uzito gani.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Thamani ya leseni haiko katika nembo inayong'aa kwenye ukurasa wa tovuti. Iko katika mambo mawili: kama kuna mtu anayeweza kuipokonya, na kama mchezaji aliyedhulumiwa anaweza kumfikia mtu huyo. Curaçao imejaribu, ijapokuwa kwa kusukumwa, kuyatimiza mawili hayo. Gharama yake ni kwamba baadhi ya wateja wamehama.

Kwa Kenya, funzo hili limekuja wakati mwafaka. Mnamo Agosti 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia sekta hiyo. Leseni ya ng'ambo haimpi mwenye kampuni idhini ya kuendesha biashara hiyo nchini.

Hata hivyo, simu ya mkononi haijui mpaka. Kadri masharti yanavyokazwa Nairobi, ndivyo kishawishi cha kukimbilia tovuti za mbali kitakavyoongezeka, hasa miongoni mwa vijana waliozoea kutafuta riziki kwa kubashiri. Serikali itakayohesabu leseni na kodi pekee, bila ya kufuatilia fedha zinazovuka mipaka, itakuwa inalinda mlango wa mbele huku dirisha likiwa wazi.

Naye kijana anayeweka dau usiku wa manane katika tovuti asiyoijua mwenyewe, angejiuliza swali moja kabla ya kubonyeza: nikishinda na nisilipwe, nitabisha hodi kwa nani? Kama jibu ni jina la kisiwa tu, basi ameshapoteza kabla mchezo haujaanza.