Nyumba Haiuzwi kwa Kunong'ona

Tangu Arua ipandishwe kuwa jiji Julai 2020, kuna hekima moja inayotembea mjini kama habari ya mpira: mwenye akili huuza nyumba yake mwenyewe, mjinga ndiye hupitia kwa dalali. Utaisikia Mvara, utaisikia Oli, utaisikia kwa vijana wanaokunywa chai karibu na soko kuu. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme nyumba ni ya shilingi milioni 80 na dalali anataka asilimia 10. Hizo ni milioni 8. Umpe kwa lipi, mtu aliyepiga simu mbili na kupanda boda mara moja?

Hesabu yenyewe sigombani nayo. Nagombana na wanaojificha nyuma yake. Nyumba nyingi ninazozijua zilizouzwa "bila dalali" hapa West Nile, muuzaji hakuwa akikimbia kamisheni hata kidogo. Alikuwa anamkimbia mkewe. Alikuwa anamkimbia kaka aliyeko Juba, shangazi aliyeolewa Ariwara, watoto wa marehemu baba kwa mama mdogo. Dalali ana mdomo. Ukimpa nyumba asubuhi, ikifika jioni steji nzima ya boda inajua, na kesho yake shangazi keshavuka mpaka. Kwa hiyo mtu anauza mwenyewe, chini kwa chini, kwa mnunuzi aliyeletwa na rafiki, halafu anatutangazia sisi wengine kwamba ameokoa milioni 8.

Nani kamwambia ameziokoa? Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998, hasa baada ya marekebisho ya 2004, inasema wazi kwamba ardhi ya familia, yaani pale mnapoishi au mnapopatia riziki, haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Ukiuza bila ridhaa hiyo, mauzo ni batili. Na hapo ndipo wauzaji wa kimya hawapendi kusoma: hata kama mnunuzi alinunua kwa nia njema, bila kujua kwamba mama mwenye nyumba hakuulizwa, mauzo bado ni batili, ila yeye ana haki ya kumdai muuzaji pesa zake zote. Pesa hizo ziko wapi? Zimeshakuwa lori la mitumba. Zimeshalipa deni. Mtu aliyeogopa kutoa milioni 8 sasa anadaiwa milioni 80, na nyumba hawezi kuiuza tena kimya kimya ili azilipe.

Huyo ni mke tu. Bado ukoo.

Sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile ni ya kimila. Katiba ya 1995 inaitambua milki hiyo sawasawa na nyingine tatu, ikiwa na cheti au haina. Ayivu yote iliyomezwa na jiji juzi ilikuwa mashamba ya mihogo yenye makaburi ya babu, na kubadilisha bango kutoka kaunti kuwa divisheni ya jiji hakukubadilisha nani ana sauti juu ya shamba hilo. Halafu kuna historia yetu wenyewe. Baada ya Amin kuanguka 1979, nusu ya majirani zenu walikuwa wakimbizi Sudan na Kongo. Waliorudi walirudi kwa mafungu, wengine miaka ya katikati ya 1980, wengine baadaye sana, na wapo ambao hawajarudi ila hawajasahau. Aliyewahi kufika ndiye aliyejenga. Aliyechelewa anakumbuka mwembe. Katika mji wa namna hii, kuuza nyumba kimya kimya ni kuchokonoa jambo ambalo familia ilikuwa imelilaza kwa miaka 40.

Niliwahi kuushika mkononi mkataba mmoja wa mauzo ya kimya. Ulikuwa karatasi mbili za daftari la shule, zenye mistari ya bluu, umeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka. Kiwanja kilipimwa kwa hatua, urefu na upana. Mpaka wa upande mmoja ulikuwa barabara, upande wa pili "kwa jirani", bila jina la jirani. Chini palikuwa na alama ya kidole gumba cha mjane, wino umetapakaa kidogo, kwa sababu mama yule hasomi Kiingereza wala kingine. Shahidi wake alikuwa kijana wa nyumba ya tatu. Shahidi wa mnunuzi alikuwa dereva wake. Muhuri wa LC1, baraza la kijiji, ulipigwa mara mbili, kana kwamba wa pili ungeongeza nguvu. Wana wa mama yule watatu, wote hai, hapakuwa na hata mmoja aliyetia saini.

Mkataba ule una kasoro ambazo hata mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza angezitaja akiwa anatembea. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka aliyeandika hati kwa niaba yao aweke jina lake kamili na anwani yake kwenye hati hiyo. Mwandishi hakujitaja. Mali ya marehemu haiuzwi na mjane peke yake wala na mtoto mkubwa peke yake mpaka mtu awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Barua hazikuwepo. Na huo muhuri wa LC1 tunaoutukuza unathibitisha kwamba mwenyekiti alikuwepo watu wakitia saini, basi. Haumfanyi mtu kuwa mwenye ardhi. Tukumbuke pia kwamba kutoka 2001 hadi Julai 2018 nchi hii haikufanya uchaguzi wa LC1 hata mara moja. Wenyeviti wa miaka hiyo walikuwa wanapiga mihuri tu kwa sababu hakuna aliyewanyang'anya.

Wale wa "mimi nimeuza mwenyewe" wanasahau pia upande wa bei, na hapa ndipo ninapowashangaa zaidi, maana bei ndiyo waliyoiita hoja yao. Mnunuzi mzoefu ana pua. Anaona mnazungumza ndani ya gari vioo vimepandishwa. Anaona hutaki aje mchana. Akiomba kuzungumza na jirani wa mpakani, unamwambia jirani amesafiri. Hatakuuliza kwa nini. Atashusha bei tu. Milioni 80 zitakuwa 65, kisha 55 na ahadi ya kumalizia baada ya mavuno ya tumbaku. Anafahamu kwamba huwezi kwenda kumtafuta mnunuzi wa pili, kwa sababu wa pili angeleta kelele. Kamisheni uliyoikwepa mlangoni imekutokea dirishani, tena imenenepa.

Sasa, asije mtu akasema nimelipwa na madalali. Nawajua. Yupo anayekuambia mnunuzi ana milioni 70, kumbe mnunuzi ametaja 78, na hizo 8 za katikati zinaishia mfukoni mwake kabla hata hajakuomba kamisheni yake. Yupo anayekuja na msururu: wa Arua kapata habari kwa wa Ediofe, wa Ediofe kwa wa Ombaci, na siku ya malipo wanasimama barazani sita, kila mmoja akisema ndiye aliyemleta mteja. Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba na bodi ya kuwasajili. Sisi Uganda mwenye simu mbili na shati safi ni dalali tayari. Mkabidhi mtu huyo hati yako ya ardhi "aionyeshe tu kwa mteja" uone kama utalala.

Lakini hata dalali mbaya ana jambo moja jema, nalo ndilo linalotufanya tumkimbie: kelele. Anamtangazia kila mtu kwamba nyumba ya fulani inauzwa. Kelele hizo ndizo huleta mnunuzi wa pili na wa tatu, na kelele hizo hizo ndizo humtoa shangazi Ariwara wakati mambo bado yanaweza kuzungumzwa kwa soda na viti vya plastiki, kabla hayajafika mahakama ya hakimu na mawakili wawili. Anayemfukuza dalali na akabaki na kelele, huyo namvulia kofia. Anayemfukuza dalali ili afukuze kelele, huyo anajidanganya.

Hoja ya "uza mwenyewe" imetufikia kupitia simu, kutoka nchi ambazo ugomvi wao ni mwingine. Marekani wamebishana miaka na miaka juu ya asilimia 5 au 6 ya mawakala, mpaka Machi 2024 chama chao kikuu kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi, na kanuni mpya za kamisheni zikaanza Agosti mwaka huo. Kule ni ugomvi wa asilimia kwa sababu swali la nyumba ni ya nani lilishajibiwa na rejista, na benki ya mnunuzi haitoi senti kabla ya kuhakikisha. Mtu wa Pajulu anayekopa hoja hiyo anakopa nusu. Nusu ya pili, ile ya rejista, hana.

Koboko ni kesi nzito zaidi. Mji umekaa kwenye pembe ya nchi tatu, Kongo upande huu, Sudan Kusini upande ule, na tangu vita vya Juba vya 2013 na 2016 familia nyingi za Wasudani Kusini zimepanga pale na Arua badala ya kukaa makambini. Wana pesa kutoka kwa ndugu walioko nje, wanataka nyumba ya kudumu karibu na shule. Na raia wa kigeni hapa haruhusiwi kumiliki ardhi ya kimila wala ya umiliki kamili. Anaweza kupangisha tu, hata kwa muda mrefu, mwisho miaka 99. Kwa hiyo kukazuka biashara ya jina. Mganda anaweka jina lake kwenye mkataba, Msudani anatoa pesa, watu wanapeana mikono. Madalali wa Koboko wanaitafuta hiyo, hilo halina ubishi. Lakini inafanyika zaidi katika mauzo ya watu wawili wawili, shemeji kwa rafiki, kwa sababu pale hakuna mtu wa tatu wa kuuliza swali. Mwenye jina akifa, watoto wake wanarithi nyumba ambayo hawakuilipia, na aliyeilipia anabaki na ushahidi wa maneno. Muuzaji aliyefikiri yuko pembeni ataitwa kuwa shahidi katika kesi ambayo pande zote mbili zinamchukia. Angempangisha tu yule mtu kwa mkataba wa miaka kumi uliosajiliwa, angekula kodi mpaka leo.

Mnaniuliza basi niuze vipi bila dalali? Kwa mdomo wazi. Bandika bango ukutani lenye namba yako ya simu. Waite majirani wa mipaka yote, mtembee mpaka pamoja, majina yao yaandikwe kwenye mkataba, na saini zao. Mke au mume aandike ridhaa yake kwanza, kabla mnunuzi hajala chakula kwako. Kama kuna hati, mwambie mnunuzi aende mwenyewe ofisi ya ardhi ya kanda hapa Arua akaihakiki, wala usinune, maana anayetaka kuhakiki ndiye mwenye pesa. Kama hakuna hati, anza safari ya cheti cha umiliki wa kimila. Kamati ya ardhi itakuja na itauliza hadharani kama kuna mwenye pingamizi, na hilo ni tangazo ambalo hakuna dalali angeweza kukufanyia. Mlipe wakili ada yake, ambayo huwa ndogo kuliko kamisheni. Ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ni mzigo wa mnunuzi, na akikushawishi muandike bei ya uongo ili aupunguze, mkumbushe kwamba mauzo yakibatilishwa ni bei ya karatasi ndiyo mahakama itaisoma.

Ukiona kazi hiyo ni kubwa, mchukue dalali, ila makubaliano yenu yaandikwe: asilimia ngapi, analipwa na nani, analipwa lini. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wa zaidi ya shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na kamisheni ya nyumba haipungui hapo. Utawaona madalali wakikonda kutoka sita hadi mmoja.

Anayeniumiza kichwa ni yule mwenye haraka kweli. Mtoto yuko hospitali ya rufaa, au karo inadaiwa wiki hii, na ananiambia hana muda wa kumngoja kaka wa Juba. Ndugu yangu, simu ya Juba haichukui wiki. Kama hutaki kupiga, unalijua tayari jibu la kaka yako, na mnunuzi naye atalijua, siku atakapoanza kumwaga zege na kaka akashuka kwenye basi kutoka Oraba. Nyumba yako ina vyumba vinne. Pangisha viwili, omba kodi ya miezi sita mbele, lipa hospitali.