Ukuta Uliokuwa Ndani ya Kanisa



Wiki hii tunawaalika mvuke bahari pamoja nasi hadi pwani ya kusini-mashariki ya India, katika mji wa Pondicherry, ambao tangu mwaka 2006 unaitwa rasmi Puducherry. Wengi huusifu mji huo kwa uzuri wa majengo yake ya Kifaransa. Sisi tunautaja kwa sababu nyingine. Tunaona kwamba historia yake yaweza kutufundisha namna ya kupokea urithi wa wazee wetu: lipi la kushika, lipi la kuacha, na lipi la kulitubu.

Kampuni ya Kifaransa ya biashara ya Mashariki iliundwa mwaka 1664, na miaka kumi baadaye Wafaransa wakaweka makazi yao Pondicherry. Waholanzi waliuteka mji mwaka 1693, wakaurudisha mwaka 1699. Waingereza wakauteka mwaka 1761 na kuubomoa, na hata baada ya kujengwa upya ukaendelea kubadilishwa mikono, hadi uliporudi kwa Ufaransa kwa mara ya mwisho mwaka 1816. Tangu hapo Ufaransa ilibaki India na vipande vitano tu vilivyotawanyika: Pondicherry, Karikal, Mahé, Yanaon na Chandernagore. Wakazi wa Chandernagore walipiga kura mwaka 1949 kujiunga na India. Kwa vile vinne vilivyosalia, wajumbe 178 walipiga kura huko Kizhoor mwezi Oktoba 1954, na 170 kati yao wakachagua India. Makabidhiano yalifanyika tarehe 1 Novemba 1954, na mkataba ukatimia kisheria tarehe 16 Agosti 1962. Wenyeji walipewa miezi sita kuchagua kubaki raia wa Ufaransa. Ndiyo maana hata leo zipo familia za Kitamili zenye uraia wa Ufaransa, na mwezi Julai kila mwaka sikukuu ya taifa hilo huadhimishwa kando ya bahari ya India.

Urithi unaoonekana kwa macho ni mwingi, tena mzuri. Barabara bado zina majina ya Dumas, Suffren na Romain Rolland. Askari polisi huvaa kofia nyekundu za mtindo wa Kifaransa. Ipo shule ya Kifaransa iliyoanza mwaka 1826, na ipo taasisi ya utafiti iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo imehifadhi maelfu ya maandiko ya kale ya dini ya Kihindu. Hazina hiyo ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Mji huo umekuwa pia kimbilio. Mshairi wa Kitamili Subramania Bharati alijificha huko tangu mwaka 1908 akikwepa mkono wa Waingereza, na Sri Aurobindo akamfuata mwaka 1910. Hatuna sababu ya kuyadharau mambo hayo.

Lakini mwenye kutazama ramani ya mji ataona mfereji unaokata katikati. Upande wa bahari uliitwa Mji Mweupe, makao ya Wazungu; upande wa pili uliitwa Mji Mweusi, makao ya wenyeji. Leo wageni hupiga picha pande zote mbili, na majina hayo huandikwa katika vitabu vya watalii kana kwamba ni majina ya maua. Hapo ndipo tunapoanza kuuliza: je, mfereji ule uliishia mlangoni pa kanisa?

Kanisa kuu la Pondicherry limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Jengo lililopo lilikamilika mwaka 1791, baada ya yale yaliyotangulia kubomoka au kubomolewa. Wenyeji huliita Samba Kovil. Neno “kovil” ni la Kitamili, maana yake hekalu, na “Samba” latokana na jina la Mtakatifu Paulo. Wapendwa, litunzeni akilini jina hilo, maana Paulo ndiye aliyewafundisha Waefeso kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliowatenga watu wawili, akawafanya kuwa mmoja.

Yupo shahidi wa siku zile ambaye hakuwa Mkristo. Ananda Ranga Pillai, Mhindu aliyekuwa mkalimani na wakala mkuu wa Gavana Dupleix, aliandika kwa Kitamili kumbukumbu za kila siku tangu mwaka 1736 hadi kifo chake mwezi Januari 1761, mwezi ule ule ambao mji ulianguka mikononi mwa Waingereza. Katika kumbukumbu za mwaka 1745 anaeleza kwamba ndani ya kanisa ulikuwapo ukuta. Upande mmoja walisali Wakristo wa matabaka ya juu. Upande wa pili walisali Paria, yaani watu waliohesabiwa kuwa najisi kwa kuzaliwa kwao. Paria wale waliwaendea mapadre wakalalamika, na ukuta ukabomolewa. Jambo hilo lilizua manung'uniko makubwa, si kwa wapagani, bali kwa waliobatizwa.

Tusidhani kwamba Roma haikujua. Mwaka 1704 mjumbe wa Papa, Patriarka Charles de Tournon, akiwa hapo hapo Pondicherry, alitoa amri juu ya desturi zilizojulikana kama Ibada za Malabar. Kati ya mambo aliyoyataka ni kwamba mapadre wasikwepe nyumba za Paria walio wagonjwa, bali waingie na kuwapa Sakramenti. Mabishano yaliendelea kwa miaka arobaini, hadi Papa Benedikto XIV alipoamua mwaka 1744. Hata hapo suluhisho lililopatikana lilikuwa kuwatenga mapadre wa pekee kwa ajili ya Paria. Walihudumiwa, naam, lakini bado walihudumiwa pembeni.

Huenda mtu akatetea: wamisionari wale walikuwa wakiheshimu utamaduni wa watu. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuitupi. Ni kweli kwamba walijifunza lugha, walikula kama wenyeji, na walitaka Injili isionekane kuwa vazi la mgeni. Kanisa leo linaita jambo hilo utamadunisho, na linalisifu. Lakini tuutazame vizuri mpaka wake. Kumsalimu mtu kwa lugha yake ni kumheshimu. Kumjengea ukuta kwa sababu jirani yake hapendi kivuli chake, huko ni kumheshimu jirani kwa gharama yake. Utamaduni unapomdhalilisha mtoto wa Mungu, Injili haiupambi, inauhukumu.

Wala si katika jambo hilo tu tulipokosea kama Kanisa. Pillai anasimulia pia jinsi hekalu la Wahindu la Vedapuri lilivyobomolewa mwezi Septemba 1748, wakati Waingereza walipouzingira mji, na jinsi mapadre wa kanisa lililokuwa jirani walivyokuwa wametamani kwa muda mrefu liondolewe. Ukuta uliowatenga maskini ulikuwa umesimama hadi wenyewe wakalalamika. Hekalu la majirani liliangushwa kwa shangwe. Tukiyasoma hayo leo twapaswa kuinamisha vichwa. Mkatoliki asiyeweza kusema kwamba hilo lilikuwa baya, hataaminiwa anaposema kwamba Injili ni njema.

Mwaka 1881 serikali ya Ufaransa ilifungua njia nyingine. Ilitoa amri iliyowaruhusu wenyeji wa makoloni yake ya India kuacha sheria za kimila za matabaka na kuwa chini ya sheria za kiraia za Kifaransa, huku wakijichagulia majina mapya ya ukoo. Kiongozi wa harakati hiyo, mwanasheria Ponnoutamby, alijiita La Porte, maana yake “Mlango”. Wengi walioingia kwa mlango huo walikuwa Wakristo, na miongoni mwao wengi walikuwa wa matabaka ya chini. Tuyatafakari hayo kwa unyenyekevu. Watu hao walikuwa wamekwisha kupewa jina jipya katika Ubatizo. Kama jina lile la kwanza lingeheshimiwa ilivyopasa kanisani na nje ya kanisa, je, wangelihitaji la pili kutoka kwa karani wa serikali?

Hata hivyo tungewapunja wazee wale kama tungetaja makosa yao tu. Mwaka 1844 Askofu Clément Bonnand, wa Shirika la Misioni za Ng'ambo la Paris, aliitisha sinodi Pondicherry. Mapadre wale wa Kifaransa walikubaliana kwamba kazi ya kwanza ya misioni ni kuwalea mapadre wenyeji. Mwaka huo huo lilianzishwa shirika la masista wenyeji kwa ajili ya elimu ya wasichana. Mawazo ya sinodi yalipelekwa Roma, na mwaka 1845 Idara ya Uenezaji wa Imani ikatoa maagizo kwa misioni zote duniani: walelewe mapadre wa nchi husika, tena wasifanywe wasaidizi wa kudumu, bali waandaliwe hata kwa uaskofu. Misioni zote, zikiwamo zile ambazo baadaye zilifika kwetu. Uganda ilipata mapadre wake wa kwanza mwaka 1913, na mwaka 1939 Joseph Kiwanuka akawekwa wakfu kuwa askofu. Basi, tunapomwona padre mzaliwa wa nchi yetu altareni, tukumbuke kwamba kati ya waliolitetea jambo hilo mapema walikuwamo mapadre waliokutana Pondicherry. Urithi huo haupigwi picha na watalii, lakini kwetu una thamani kuliko nyumba zote za rangi ya manjano.

Ndiyo kusema, mji ule ule ulitupa ukuta na ukatupa mlango. Na ukuta haujaisha. Tarehe 17 Novemba 2003 Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na maaskofu wa kusini mwa India, wakiwemo wa jimbo kuu la Pondicherry na Cuddalore, aliwaonya kwamba ubaguzi wa tabaka kati ya Wakristo unapingana na mshikamano wa kweli. Hakuwa akizungumzia mambo ya kale. Mwaka 2016 Baraza la Maaskofu wa India lilitoa sera juu ya Wadalit, jina wanalojiita leo wazawa wa matabaka yaliyodharauliwa, likikiri kwamba ubaguzi huo ungali ndani ya Kanisa na ni dhambi nzito ya kijamii. Mwaka 2022 ndipo alipopatikana kardinali wa kwanza kutoka miongoni mwao, Anthony Poola wa Hyderabad. Hesabuni wenyewe: tangu malalamiko ya mwaka 1745 hadi mwaka 2022 ni miaka 277.

Wapendwa, ni rahisi kuwashangaa Wakristo wa Pondicherry, kwa kuwa ukuta wao ulikuwa wa matofali, na matofali huonekana. Kuta zetu ni za namna nyingine. Ipo jumuiya ambayo ukiuliza orodha ya viongozi wake kwa miaka kumi, utasikia majina ya kabila moja. Zipo Misa ambazo viti vya mbele huachwa wazi kumngoja mwenye gari, hali bibi aliyekuja kwa miguu tangu alfajiri amesimama nyuma. Mtume Yakobo aliwakemea watu kwa jambo hilo hilo. Yupo binti wa kazi za ndani anayepika chakula cha Dominika, na hakuna anayeuliza yeye asali Misa ya saa ngapi. Na lipo hili linalotuumiza kuliko yote: marehemu anayecheleweshewa sala za mazishi kwa sababu kadi yake ya michango ina mapengo. Twafahamu kwamba parokia haiendeshwi kwa hewa, na kila mwamini ana wajibu wa kuitegemeza. Lakini kadi ikishika nafasi ya Ubatizo mbele ya jeneza, tumekwisha kupanga matofali.

Twaona kwamba kilichobadili mambo mwaka 1745 hakikuwa waraka peke yake, maana amri ya kwanza ilikuwa imetimiza miaka arobaini. Waliodharauliwa walisema, na safari hii walisikilizwa. Kwa hiyo ombi letu kwa viongozi wa jumuiya zote wiki hii ni moja. Katika mkutano wenu, kabla ya hesabu na matangazo, muulizeni yule asiyesema kamwe: ni wapi katika parokia hii unajisikia umewekwa upande wa pili? Kisha nyamazeni, msikilize hadi amalize, na msimjibu siku hiyo. Mtakayoyasikia yaleteni katika Halmashauri ya Walei, nasi tutayafanyia kazi.

Mtakatifu Paulo, ambaye jina lake limedumu katika kanisa lile lililokuwa na ukuta, atuombee tuwe na ujasiri wa kuibomoa yetu. Twawatakia Dominika njema, na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwakalie ninyi na nyumba zenu. Amina.