Sigara ya Umeme Mbele ya Usukani



Mwezi wa Juni tulikuwa twarudi Kifanya kutoka Njombe mjini kwa gari dogo la abiria. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, na wenyeji wa nyanda hizi wajua ukungu wetu ulivyo: taa za lori la mbao huzioni mpaka limekukaribia. Kwa ajili ya baridi vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Dereva, kijana mwenye adabu aliyetuamkia vizuri, akatoa mfukoni kitu mfano wa kalamu, akakivuta, akapuliza wingu jeupe lenye harufu ya embe. Kando yake alikaa mwanafunzi wetu wa madrasa, mtoto wa miaka tisa. Mtoto akakohoa. Nasi tukanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakotusuta hata leo.

Kitu kile ni sigara ya umeme, ambayo vijana huiita vepu. Ndani yake mna betri na waya uchemshao majimaji yenye nikotini na manukato. Husema, "Huu si moshi, ni mvuke tu." Lakini nikotini ni ile ile ya tumbaku, nao ubongo wa kijana, ambao bado wakua, hudhurika zaidi kwayo.

Tena kuna hatari ya barabarani. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akishughulika na kalamu yake kwa sekunde tatu, amekwenda mita 66 kwa mkono mmoja, huku wingu li mbele ya macho yake.

Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka ule ule ambao mfamasia wa China, Hon Lik, alibuni sigara hii. Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, walikataza kabisa kuiingiza na kuiuza. Uingereza, tangu Oktoba 2015, ni kosa kuvuta sigara garini akiwamo mtoto wa chini ya miaka 18, lakini ya umeme haikuguswa. Hata hivyo, dereva wa huko akizibwa macho na mvuke aweza kushitakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. Kosa hilo limo pia katika Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, basi madereva wetu wasijidanganye.

Ijumaa baada ya sala tulimwendea kijana yule stendi. Hakukasirika. Alisema aliianza ili aache sigara ya kawaida, na kwamba humwondolea usingizi safari za alfajiri. Tulimwambia kwamba usingizi dawa yake ni kulala, na tukamwomba aiweke sandukuni maadamu amechukua watu.

"Nitajaribu, Maalim," akajibu.

Mama wa mtoto yule hakuridhika na neno hilo. Tangu siku ile mwanawe hukaa kiti cha nyuma, karibu na dirisha, na nauli hulipwa baada ya kushuka.