Shuka kuukuu liende sokoni
Na Zuhura Kibwana

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania Bara Juni 1, 2019. Zanzibar na Kenya walishatutangulia. Niliiunga mkono sheria ile na naiunga mkono mpaka leo. Ila pita Kariakoo uone kilichochukua nafasi yake: mifuko mbadala, ile laini ya rangi rangi. Wengi huamini ni kitambaa. Ni plastiki ileile, polipropilini, iliyofanywa nyuzi kisha ikagandamizwa kwa joto. Itundike juani kwa muda, itaanza kupukutika yenyewe.

Wakati huohuo kabati zetu zimejaa mifuko ambayo haijashonwa. Kuna kanga zilizopauka, mashuka yaliyotoboka, pazia lililoshushwa Idi iliyopita, foronya zilizopoteza wenzake. Tukikumbuka, tunafanya madekio. Fundi wa barazani mwenye cherehani ya miguu angekutolea mifuko humo huku mnapiga soga.

Lakini mjuzi hakati popote. Shuka huchakaa katikati, tunapolalia, kwa hiyo mfuko utoke pembeni. Pazia huozeshwa na jua: lishike kwa mikono miwili ulivute kwa nguvu, likianza kuchanika liache. Kanga ni nyepesi, itiwe bitana, na foronya inatosha. Mishikio ndiyo hasa ya kusimamia. Kitambaa chake kikunjwe mara nne, ncha zishuke vizuri ndani ya mdomo wa mfuko, kisha zishonwe mraba wenye msalaba katikati. Fundi akikupachikia kwa mstari mmoja wa uzi, mrudishie palepale, la sivyo utakuja kuokota nyanya barabarani.

Nina neno pia na wapenda mazingira wenzangu, wale wanaoagiza mifuko mipya ya pamba, wakaichapa nembo na kuigawa kwenye semina. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa hesabu zake. Kwa upande wa tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida unahitaji kutumika mara 52 ndipo ulingane na ule mwepesi wa plastiki wa madukani kwao. Ukiingiza madhara mengine yote, mara 7,100. Nani ana semina ngapi? Hesabu hiyo ni ya pamba inayolimwa, kumwagiliwa na kufumwa upya. Shuka la miaka kumi limeshalimwa na kufumwa zamani, na kazi liliyonunuliwa limeimaliza.

Kinachotukwaza zaidi ni aibu. Kikapu cha ukindu tulikitupa tukisema ni cha bibi, na sasa kuna wanaume wasiotaka kuonekana na maua ya kanga mkononi. Basi wao washonewe wa jinzi iliyochoka magotini. Mapajani huwa bado imara. Muhimu ukunjike uingie mfukoni, maana ulioachwa nyumbani haubebi kitu. Wa samaki uwe wa samaki tu, na ufuliwe siku hiyohiyo, labda kama unafuga paka wote wa mtaa.

Na muuzaji akiuliza, "Dada, nikuwekee kwenye mfuko?", jibu upesi. Akishaufungua, umeununua.