Sosiolojia Haiko Masomo ya Wavivu



Examen d'État inakaribia, na sisi wa mwaka wa sita tunaulizana kila siku: utaingia fakilte gani? Mmoja akisema udaktari, wote wanamusifu. Mwingine akisema sheria, vile vile. Lakini akijibu "sosiolojia," mara wanacheka: "Ile masomo ya kusema-sema? Utakula nini nayo?" Sisi hatukubali kicheko hiki, na tunaomba mtusikilize.

Sosiolojia ni kuchunguza namna watu wanavyoishi pamoja: nani anapata, nani anakosa, desturi zinatoka wapi, na udongo na pori vinatumiwa na nani. Katika nchi yetu, mageuzi ya mwaka 1971 yaliweka sayansi za jamii Lubumbashi, na mpaka leo zinafundishwa kule. Kitu kikubwa mwanafunzi anachojifunza njo hiki: usihukumu mtu mbele ya kuuliza na kuhesabu.

Mfano uko Marekani. Katika mji wa Philadelphia watu wengi walisema kwamba weusi ni maskini juu ya tabia yao. W.E.B. Du Bois, yeye mwenyewe mweusi, alipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wao, akiuliza kazi, mshahara na kodi ya nyumba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1899. Kilionyesha kwamba weusi walifungiwa kazi nzuri, tena walilipa kodi kubwa kwa nyumba mbaya. Ile haikuwa kusema-sema. Ilikuwa kazi ya miguu na kalamu.

Tuje kwetu. Tunalia kwamba watu wanamaliza pori kwa kuchoma makala. Ni kweli, miti inaisha. Lakini juu ya nini mama anapika na makala? Mwaka 1982 ilimalizika laini ya umeme toka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700. Ilijengwa juu ya migodi ya shaba, na ilipita juu ya vijiji vingi bila kuwaachia hata taa moja. Sasa nani anakata mti: ni shoka tu, ao ni mpango ule pia?

Ni vile vile kwa dada zetu. Watu wanasema: "Binti anaacha masomo juu ya desturi." Pengine. Lakini tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali ni bure, na sekondari wazazi wangali wanalipa. Kama falanga haitoshi watoto wote, na kaka anatangulizwa, hapo desturi na ukosefu vimeshikana mkono. Anayelaumu desturi peke yake atapiga kelele tu. Anayeona mambo yote mawili ataweza kusaidia.

Mtatuambia: kazi haiko. Hatufichi, kazi ni ngumu kupata. Lakini hata wenye diploma ya sheria ao ya uchumi wanatafuta. Tena sheria ya migodi iliyogeuzwa mwaka 2018 inadai kampuni ziandikishane na wakaaji mapatano ya maendeleo, yaani cahier des charges. Nani ataketi na wamama wa kijiji kuwauliza wanahitaji nini, kama wote tumekimbilia ofisi?

Tunaweza kuanza hapa kwetu. Daftari ya wachelewaji tunayoishika sisi wakubwa wa wanafunzi iko na mistari mitatu: jina, darasa, saa. Tunaomba Bwana Prefe na walimu waturuhusu kuongeza mstari wa ine: sababu. Kwa muda wa muhula mmoja tuandike nani alichota maji, nani anatoka mbali, nani alifukuzwa juu ya falanga akarudi, nani alilala tu. Kisha tuhesabu, wavulana mbali na wasichana mbali, na tutangaze hesabu bila majina. Ikionyesha uvivu, adhabu ibaki, nasi tutaitetea. Ikionyesha maji, fimbo na jembe havitaleta robine karibu na nyumba ya mtoto, na itafaa tuketi pamoja kutafuta njia ingine.

Wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita