Elimu Isifungiwe Ghalani

Wako wasomi ambao elimu yao huishia ndani ya kuta za Chuo Kikuu. Hupanda vyeo, huandika vitabu vya kusomwa na wenzao, kisha hustaafu. Na wako wachache ambao huichukua elimu hiyo wakaipeleka pale panapouma. Lawrence Lessig, profesa wa sheria wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1961, ni wa kundi hili la pili.

Lessig amefundisha katika Vyuo Vikuu vya Chicago, Harvard na Stanford, na mwaka 2009 alirejea Harvard. Kitabu chake cha mwaka 1999 kilieleza kwamba mtu anayetunga programu ya kompyuta anatunga sheria vile vile. Programu ikizuia ukurasa usinakiliwe, hapahitajiki askari wala hakimu. Je, mtunga sheria huyo amechaguliwa na nani?

Lakini vita vyake vikubwa vilikuwa vya hakimiliki. Sheria ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilimpa mwandishi miaka 14, na kama yu hai ikiisha, 14 mingine. Baada ya hapo kitabu kilikuwa mali ya umma. Mwaka 1998 Bunge la nchi hiyo liliongeza miaka 20 juu ya muda uliokuwapo, ukafikia uhai wa mwandishi na miaka 70 baada ya kufa kwake. Nyongeza hiyo ilihusu hata kazi zilizokwisha tungwa zamani. Ni dhahiri kwamba marehemu hawezi kutiwa moyo wa kuandika zaidi. Aliyenufaika ni mwenye kampuni na mrithi.

Lessig alimtetea Eric Eldred, mtu aliyekuwa akivitoa vitabu vya kale katika intaneti ili visomwe bure. Katiba ya Marekani inataka hakimiliki iwe ya muda wenye kikomo. Kikomo gani basi, ikiwa Bunge laweza kukisogeza kila kinapokaribia? Januari 2003 Mahakama ya Juu ilimshinda kwa majaji saba dhidi ya wawili.

Mwaka uliofuata Lessig aliandika hadharani kwamba kosa lilikuwa lake. Aliamini hoja ya sheria peke yake ingetosha, na alipoulizwa juu ya madhara halisi kwa watu, aliliepuka swali. Ni wasomi wangapi wenye ujasiri wa namna hiyo?

Hakukata tamaa. Mwaka 2001 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha Creative Commons, na Desemba 2002 leseni zake za kwanza zikatolewa. Kwa leseni hizo mtunzi mwenyewe hutamka: nakilini, fasirini, fundishieni, ila nitajeni jina. Hadithi za watoto za African Storybook, zikiwamo za Kiswahili, hutolewa kwa utaratibu huo, na mwalimu aweza kuzichapa bila kuogopa kushitakiwa. Mwaka 2007 Lessig aligeukia uchunguzi wa fedha katika siasa, kwa kuwa alitambua kwamba sheria mbaya huwa na mfadhili wake.

Wapo watakaouliza kama mwandishi hatakufa njaa. Swali hilo ni la haki, na jasho la mtunzi lazima lilipwe. Lakini leseni hizi hazimnyang'anyi mtu hakimiliki yake, zinampa hiari. Hata Mkataba wa Berne hautaki zaidi ya miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kumlinda mtunzi ni jambo moja, na kuifungia elimu ghalani kwa faida ya wachache ni jambo jingine kabisa.

Ndugu walimu, kila mmoja wenu ana daftari la maelezo mazuri aliyoyaandaa kwa miaka mingi. Msinakili kazi ya mwingine bila ruhusa. Lakini ile iliyo yenu wenyewe, msiiache iliwe na mchwa. Iandikeni majina yenu, kisha mwaruhusu wenzenu waifundishie.