Bumbuli bila January Makamba: nani mwenye kiti cha ubunge?

Kata ya Gare, milimani Lushoto, haimo katika jimbo la Bumbuli. Wapiga kura wake humchagua mbunge wa Lushoto Mjini na vijiji vyake, na jina la January Makamba halijawahi kuwa katika karatasi yao ya kura. Hata hivyo, ni shida kukaa na Wasambaa wa upande wowote wa mlima, wa Gare, Soni au Mlalo, ukazungumza siasa za miaka 15 iliyopita bila ya jina hilo kutajwa. Na kwa sisi wa visiwani lina uzito wake, kwa sababu mtu huyu amepita katika ofisi tatu zinazogusa maisha yetu moja kwa moja: Muungano, umeme na mambo ya nje.

Julai 29, 2025 Kamati Kuu ya CCM ilitoa majina ya wanachama walioruhusiwa kwenda kwenye kura za maoni. La January halikuwamo. Mbunge wa vipindi vitatu, waziri wa marais wawili na mmoja wa watano bora wa urais mwaka 2015, hakupata hata nafasi ya kushindwa na wajumbe wa Bumbuli. Wana CCM wa jimbo lake walipopiga kura zao Agosti 4, walichagua kati ya wale waliobakishwa.

Wengi waliishughulikia habari hiyo kama kisa cha mtu mmoja: nani kamchukia, nani kamponza, baba yake kasema nini. Hayo yana wasikilizaji wake. Swali lenye faida zaidi kwa raia ni kiti kile ni cha nani.

Turudi nyuma kidogo. Wilaya ya Lushoto ina majimbo matatu: Lushoto, Bumbuli na Mlalo. Bumbuli ilikuwa ya mzee William Shellukindo, mtu mzito bungeni, aliyeongoza Kamati ya Nishati na Madini. Mwaka 2010 CCM ilifungua kura za maoni kwa wanachama wote badala ya wajumbe wachache wa mkutano mkuu wa jimbo. Katika utaratibu huo mpya akajitokeza kijana wa miaka 36, msaidizi wa Rais Kikwete pale Ikulu, aliyewahi kufanya kazi katika kambi za wakimbizi Kigoma na kusoma Marekani. Alimshinda mzee kwa tofauti kubwa. Baba yake, Yusuf Makamba, wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, na wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba mtoto alibebwa. Inawezekana jina lilimsaidia. Jina la baba humsaidia mtu popote Afrika Mashariki, Zanzibar tukiwamo. Lakini ni wanachama wa vijijini waliopanga foleni wakapiga kura, na hilo ni la kukumbuka tunapofika 2025.

Alipoingia bungeni alikabidhiwa kamati ileile ya Nishati na Madini. Mei 2012 akawa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia. Mwaka 2015 akachukua fomu ya urais. Walikuwa zaidi ya 30 waliochukua fomu ndani ya CCM, na akabaki katika watano pamoja na John Magufuli, Asha-Rose Migiro, Bernard Membe na Balozi Amina Salum Ali wetu wa Zanzibar. Hapo akaishia. Oktoba akarudi bungeni kwa kura za Bumbuli.

Mwaka huohuo majirani nao walibadilisha wabunge. Lushoto, ambako Gare inapigia kura, Henry Shekifu aliondoka akaja Shaaban Shekilindi. Mlalo, Brigedia Jenerali mstaafu Hassan Ngwilizi akampisha Rashid Shangazi. Wote ni CCM. Ukitazama vizuri utaona kwamba katika milima ile mbunge hupatikana mwezi wa Julai au Agosti, ndani ya chama. Oktoba ni kukamilisha tu. Kwa hiyo anayeshika kalamu ya kukata majina Julai ndiye aliyeshika kiti, na mwananchi asiye na kadi ya chama hana la kusema siku hiyo. Pemba ya miaka mingi imekuwa na hali hiyohiyo kwa upande wa pili: kule ukishateuliwa na CUF, na baadaye ACT-Wazalendo, kazi kubwa ilikuwa imekwisha, mradi kura zihesabiwe kama zilivyopigwa.

Desemba 2015 Rais Magufuli alimteua Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira. Bosi wake alikuwa Mama Samia Suluhu Hassan. Msomaji wa visiwani anakumbuka miezi ile ilikuwaje. Uchaguzi wa Zanzibar ulikuwa umefutwa Oktoba 28, watu wamekaa na khofu wakisubiri Machi 20, 2016, na hapa anakuja waziri ambaye kwenye kibao cha ofisi yake limeandikwa neno Muungano. Wapo waliodhani angesema lolote. Uchaguzi wa Zanzibar si jambo la Muungano kisheria, na Serikali ya Muungano ilikaa nyuma ya mlango huo. Kwa maoni yangu ulikuwa mlango wa kweli katika sheria, lakini vyombo vya dola vilivyokuwa mitaani Unguja na Pemba wakati ule ni vya Muungano. Waziri wa Muungano ambaye hawezi kulizungumzia jambo kubwa kuliko yote linalousibu Muungano ana kazi ndogo sana. Kilichobaki ni vikao vya kamati ya pamoja kuhusu kero: bidhaa kutozwa kodi mara mbili bandarini, usajili wa magari, mgao wa Benki Kuu. Mambo yenye maana kwa mfanyabiashara wa Darajani, lakini yalisogea kwa mwendo wa kobe, na hayo si ya waziri mmoja.

Alilolifanya likaonekana ni la mifuko ya plastiki. Juni 1, 2019 ikapigwa marufuku Bara. Sisi Zanzibar tulikwishaipiga marufuku miaka mingi kabla, na ni vyema hilo lisemwe, maana mara nyingi sifa hukaa upande mmoja wa bahari.

Wiki saba baadaye, Julai 21, 2019, alitenguliwa. Siku chache kabla, baba yake na Abdulrahman Kinana, makatibu wakuu wastaafu, walitoa waraka wa kulalamika kwamba wanatukanwa na kuchafuliwa huku vyombo vinatazama. Kisha zikasambaa sauti za mazungumzo ya simu, ya wazee na ya vijana wao, January na Nape Nnauye wakiwamo, wakimlalamikia Rais. Wachambuzi wa siasa walijadili maneno yaliyosemwa. Ni wachache waliouliza nani aliyekuwa anasikiliza. Kwetu Waislamu jambo hili halihitaji mjadala mrefu: kupeleleza siri za watu kumekatazwa waziwazi katika Suratul Hujurat, na mwenye simu hapotezi haki hiyo kwa kuwa mwanasiasa, wala kwa kuwa anayoyasema hayapendezi. Septemba Magufuli alisema hadharani kwamba January amemwomba radhi na amemsamehe. Nape naye alikwenda Ikulu. Mwaka 2020 jina la January likarudi Dodoma, chama kikalipitisha, akawa mbunge kwa mara ya tatu.

Ukiangalia kipindi hicho kwa jicho la mkulima wa Bumbuli, hadithi ni nyingine kabisa. Kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa mwaka 2013 baada ya mgogoro mrefu wa wakulima na wawekezaji. Wakulima wadogo waliobakiwa na majani mabichi shambani hawakuwa na pa kuyapeleka, kwani jani la chai haliwekwi ghalani kama karafuu. Likichumwa lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo. Wengine waliacha mashamba yakawa vichaka. Kiwanda kilikaa miaka kadhaa kimefungwa hadi mifuko ya hifadhi ya jamii ilipoingia kukifufua. Sehemu kubwa ya muda huo mbunge wao alikuwa ama naibu waziri, ama waziri, ama mgombea urais. Watetezi wake watasema alipiga kelele, na kweli alizipiga. Lakini hapa ndipo ninapoona tatizo la kuwa na mbunge mkubwa: waziri hasimami bungeni kuibana serikali, kwa kuwa yeye ndiye serikali. Gare na Lushoto walikuwa na wabunge wasio na wizara, na waliweza angalau kuuliza maswali.

Septemba 2021 Rais Samia alimpa Nishati. Hapa visiwani jambo hili linatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Umeme wa Unguja unavuka baharini kutoka Dar es Salaam, na wa Pemba, tangu 2010, unatoka Tanga, mkoa wa huyuhuyu mbunge. Mwaka 2017 tulitishiwa kukatiwa kwa sababu ya deni la TANESCO. Kwa hivyo mgao uliotokea Bara katika miaka yake ya Nishati haukuwa habari ya mbali kwetu. Alikuta mabwawa yamepungua maji na bwawa la Rufiji halijakamilika. Ujazaji wake ulizinduliwa Desemba 22, 2022. Lawama alizopata nyingine zilikuwa za haki, nyingine zilikuwa za mvua. Agosti 30, 2023 akahamishiwa Mambo ya Nje, na Nishati ikaenda kwa Doto Biteko. Wiki tano baadaye vita vya Gaza vikaanza, na miongoni mwa waliouawa Oktoba 7 walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Ikawa kazi yake kutangaza misiba hiyo.

Julai 21, 2024, tarehe ileile ya miaka mitano kabla, alitenguliwa tena. Nafasi yake ikachukuliwa na Balozi Mahmoud Thabit Kombo. Nape naye aliondoka siku hiyo, siku chache baada ya kusema kule Kagera kwamba matokeo ya kura hutegemea nani anahesabu na nani anatangaza. Alisema ulikuwa utani. Watu wa Zanzibar ni wagumu kuucheka utani wa namna hiyo.

Mwaka mmoja baadaye ndipo jina likakatwa. Hakuwa peke yake. Luhaga Mpina wa Kisesa alikatwa siku hiyohiyo, akahamia ACT-Wazalendo, akateuliwa kugombea urais na kisha Tume ikamwengua. January hakuhama. Angehama kwenda wapi? Ibara ya 67 ya Katiba ya Muungano inamtaka mgombea ubunge apendekezwe na chama, na kwa Baraza la Wawakilishi masharti ni hayohayo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, iliamua Juni 14, 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja haki ya raia. Zaidi ya miaka 12 imepita, na hukumu haijatekelezwa. Mtu aliyekaa bungeni miaka 15 yote hiyo, tena serikalini, ndani ya chama chenye wingi wa kubadili sheria, alikuja kuzuiwa na mlango ambao yeye na wenzake waliuacha umefungwa.

Sisemi alionewa wala sisemi alistahili. Chama kina haki ya kuchuja wagombea wake, na vikao vya ndani havitoi sababu hadharani. Ninachokiona ni kwamba mwaka 2010 mwanachama wa kijiji cha Bumbuli alipewa uwezo wa kumwondoa mzee Shellukindo kwa kura yake, na mwaka 2025 mwanachama huyohuyo hakupewa uwezo wa kumwondoa, wala kumbakisha, January Makamba. Kazi hiyo ilifanyika Dodoma kabla hajaamka. Sasa ana mbunge mwingine, na katika kata ya jirani ya Gare mkulima wa kabichi bado anauza kwa bei ya dalali wa Soni. Mwaka 2025 January alikuwa na miaka 51, na fomu za 2030 bado hazijachapishwa.